Kisu cha kupogolea cha Muheza: waliniambia ni cha Mjerumani

Kisu kilinifikia kimefungwa kwenye gazeti, Jumamosi moja hapa Tanga mjini, na kabla sijafungua hilo gazeti nilishaambiwa mambo matatu: ni cha Mjerumani, kina zaidi ya miaka 100, na kuna mtu yuko Dar anakitaka kwa laki tatu ila kwanza king'arishwe. Aliyekileta ni kijana wa Muheza, mjukuu wa mwenye kisu, jamaa zake wa Ngamiani walimwambia kuna mtu ananunua visu vya zamani vya kukunja, hasa vile vya bustani vyenye bapa lililopinda kama mdomo wa mwewe. Ni kweli nanunua, ninavyo 17 sasa hivi, ila kuliko kununua napenda zaidi kuvisoma, nikae na kimoja jioni nzima mpaka kinieleze kimepita wapi. Nakieleza kisa hiki chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu karibu kila kosa ambalo watu wanavifanyia visu hivi lilifanyika hapa, na pia kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja muhimu sana ambacho kwenye gazeti hakikuwemo.

Kwanza kisu chenyewe. Kikikunjwa kina urefu wa sentimita 11. Mpini umejipinda kidogo, mwembamba kichwani, mnene kitakoni, na mwishoni umetoka kama kigoti ili ukivuta mkono usiteleze. Pande zote mbili ni pembe, ile ya kahawia yenye mabonde na mikunjo, na pale juu bapa linapoingilia kuna kofia ya chuma cheupe ambacho watu wengi wanadhani ni fedha, sio fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Ukichungulia kwenye mfereji wa kulalia bapa unaona mabati mawili ya shaba ya njano, na mgongoni springi moja ya chuma. Hakina kufuli, springi ndo inayoshika kila kitu. Ukikifungua taratibu kinakuwa kizito mpaka katikati, alafu mwishoni kinajivuta chenyewe na kulia tak! Mimi hiyo tak ndo naisikiliza kabla sijaangalia chochote, maana springi iliyochoka hailii, inanong'ona. Hiki kililia vizuri sana, moyo ukanidunda.

Ile pembe ni ya sambar, mnyama wa India wa jamii ya kulungu wa Asia ambaye pembe zake zinadondoka zenyewe na kuota upya. Sheffield, ule mji wa visu wa Uingereza, walizichukua kwa wingi kwa ajili ya mipini. Kuna mfupa pia unaochongwa mabonde ya kuigiza ili ufanane na pembe, na ukiwa mgeni utadanganyika, lakini mfupa ukiuangalia kwa lenzi una vidoti na vistari vidogo vyeusi vingi, mishipa ile, wakati pembe kule mwishoni inaonyesha moyo wenye vitundu kama sponji. Hiki kitakoni kilikuwa na sponji, kwa hiyo pembe.

Na bapa lile halikupindwa kwa urembo. Ukikata tawi kwa kisu kilichonyooka, ukivuta tawi linateleza kuelekea nchani na nguvu yako inapotea njiani, lakini mdomo wa mwewe unalikumbatia tawi, kadri unavyovuta ndo linavyozidi kuingia kwenye makali, na mkato unatoka laini kama umepakwa nta. Mkasi wa kupogolea, ule uliobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19 na Bertrand de Molleville, una haraka kuliko kisu, hilo halina ubishi na ndo maana ulivipokonya visu hivi kazi, ila mkasi upande mmoja unakata na upande wa pili unabana, na gome lililobanwa linachelewa kupona. Waliozoea kisu wanaijua hiyo tofauti mkononi kabisa.

Sasa niseme lililoniuma. Yule wa Dar aliposema king'arishwe, kijana hakungoja, kabla ya kuja kwangu alishampitia fundi mmoja wa grainda. Fundi kaweka diski ya msasa akaanza na upande wa nyuma, ule usio na kijishimo cha kuingizia kucha ukifungua, akalipitia bapa lote upande huo mpaka kwenye shingo, yaani kile kitako cha bapa kinachoingia kwenye mpini, alafu umeme ukakatika. Huo umeme uliokatika ndo uliookoa upande wa mbele, nashukuru mpaka leo. Kijana wala hakuwa na kosa, alidhani anakipendezesha, na fundi kafanya alichoambiwa.

Upande mmoja basi ulikuwa mweusi wa kijivu, mtulivu, una mawingu mawingu ya bluu kwa mbali, na upande wa pili unang'aa kama sufuria mpya huku mikwaruzo imekatiza bapa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Ule weusi sio uchafu jamani. Kisu hiki ni chuma cha kaboni, sio stenlesi, na chuma cha kaboni kikikutana na asidi ya chungwa na limau miaka na miaka kinajitengenezea ngozi nyeusi, nyembamba, inayokisaidia dhidi ya kutu nyekundu. Kutu nyekundu ndo adui, inakula. Weusi umetulia, unalinda, na juu ya hapo ni kumbukumbu ya kila kichwa cha mche kilichokatwa. Dakika mbili za grainda zinaondoa miaka 60 na hamna dawa ya kuirudisha.

Kuna jingine baya zaidi ambalo ukiwa na haraka hulioni. Nchani, kama nusu sentimita hivi, chuma kilikuwa na rangi, njano ya majani makavu alafu inaingia kwenye bluu. Chuma cha kisu kikishafanywa kigumu kinarudishiwa joto kidogo ili kisiwe cha kuvunjika, na rangi ndo kipimo cha mafundi tangu zamani, njano ya majani iko kwenye nyuzi 220 na kitu za Selsiasi, bluu iko karibu na 300. Bapa la kisu linaishia kwenye njano. Likifika bluu makali yamelainika, yanakunjika badala ya kukata. Nilichukua tupa ndogo nikagusa pole pole: kwenye bapa la kawaida tupa iliteleza kama iko juu ya kioo, kwenye ile bluu ikang'ata. Ncha imekufa kwa hiyo. Nashukuru kwenye kisu cha namna hii ncha ndo inafanya kazi ndogo kuliko sehemu zote, kazi iko kwenye tumbo la ule mkunjo, nikaamua isiguswe tena. Kuna watu wangekichoma upya wakichovye kwenye mafuta kirudi ugumu, kwa kisu cha zamani hiyo ni njia ya haraka ya kukipasua.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma. Nilizima taa ya chumbani, nikailaza tochi ya simu chini karibu kabisa na chuma ili mwanga upite juu juu, kama jua la asubuhi Raskazone linavyopita juu ya mchanga na kila unyayo ukaonekana. Shingoni upande wa mbele kulikuwa na mihuri. Mstari wa juu niliona S, alafu pamelika, alafu YNOR. Mstari wa chini ulikuwa mzima, SHEFFIELD. Kijana alikuwa amesimama mgongoni kwangu akaniuliza, "Braza, hiyo NOR sio Ujerumani ya kaskazini?" Nikamwambia mdogo wangu hebu lete kiti ukae.

Herufi iliyolika ni A. SAYNOR. Ilikuwa kampuni ya Sheffield, Saynor, Cooke & Ridal, iliyojulikana sana kwa visu vya bustani, vya kupogolea na vya kubebeshea (yaani kupandikiza jicho la mti mmoja kwenye shina la mwingine), na wanaokusanya visu vya bustani jina hili wanalitafuta. Sheffield yenyewe ina chama cha watengeneza visu kilichopewa sheria na Bunge tangu 1624, na kisu kimoja kilikuwa kinapita mikono mingi, mmoja anafua bapa, mwingine analisaga kwenye jiwe la kusagia, mwingine anakaa na mpini, springi na pini mpaka vishikane. Wale wa kusaga walikuwa wanakufa mapema kwa vumbi la mawe kwenye mapafu. Kila nikifungua kisu cha zamani nawakumbuka, na nilimwambia yule kijana akirudi kwa fundi wake amwambie avae barakoa.

Upande wa nyuma ndo huzuni. Shingo ya upande ule grainda ilishapita, na zilizobaki ni herufi mbili za mwisho tu, ND, tena ND yenyewe nusu. Naisoma ENGLAND, maana nafasi na ukubwa wa herufi vinakubali. Kwanini nahangaika na neno hilo? Kwa sababu linasaidia kupanga miaka. Uingereza mwaka 1887 walitunga sheria ya alama za bidhaa, bidhaa ya nje isijifanye ya kwao, na hapo ndo bidhaa za Ujerumani zikaanza kubeba maneno Made in Germany. Marekani nao mwaka 1890 wakapitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa kutoka nje ionyeshe nchi ilikotoka, na viwanda vya Sheffield vikazidi kugonga ENGLAND chini ya jina la mji. Ukikuta kisu cha Sheffield kina neno hilo, mara nyingi sana unaongelea kuanzia miaka ya 1890 kuja huku. Kama kulikuwa na kitu kingine juu ya hiyo ND, labda alama ya biashara, kimeondoka na vumbi.

Watu wataniuliza, je kukosekana kwa neno stenlesi hakusaidii? Hakusaidii sana. Chuma kisichoshika kutu Harry Brearley alikipata hapo hapo Sheffield mwaka 1913, ila visu vya bustani viliendelea kutengenezwa kwa chuma cha kaboni miaka mingi baadae na vingine vinatengenezwa hivo mpaka leo, maana kinanoleka vizuri.

Turudi kwa Mjerumani. Hapa kwetu Tanga kitu chochote cha chuma chenye umri kinaitwa cha Mjerumani, na naelewa kwanini, reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893, mkonge aliuleta Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka huo huo, kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule Usambara kilianzishwa 1902, majengo bado tunayaona kwa macho. Kwa hiyo jina la Mjerumani linapandisha bei, na muuzaji analisema hata bila nia mbaya. Lakini kisu cha Mjerumani kina lugha yake. Utaona SOLINGEN, jina ambalo Wajerumani walililinda kwa sheria mwaka 1938, au utaona TINA, hao ni wa Reutlingen tangu 1854 na visu vyao vya kubebeshea vinasifika mpaka leo. Ukiona West Germany basi ni baada ya 1949 na kabla ya 1990, yaani koloni lilishakwisha zamani. Hiki hakikuwa na hata kimoja kati ya hivo. Na kijana mwenyewe aliponiambia baba wa babu yake, mwenye kisu wa kwanza, alizaliwa mwaka wa vita vya nyuki, nikahesabu. Vita vya nyuki ni vita vya Tanga, Novemba 1914. Waingereza wameiteka Tanga 1916. Huyo mtoto alikuwa na miaka miwili, hakuna Mjerumani wa wakati ule aliyempa kisu cha kupogolea.

Ningeweza kuishia hapo, nimwambie kisu cha Mwingereza hiki, upande mmoja umeharibiwa, chukua elfu themanini. Wengi wanaishia hapo. Lakini kuna kitu kwenye bapa kilinikatalia. Ninacho kisu kingine cha umbo hilo hilo ambacho hakikutumika sana, nikaviweka sambamba. Cha kwangu bapa katikati lina upana wa milimita 22, hiki 15. Milimita saba zimeliwa na kunoa, ni kazi ya miaka mingi hiyo, ila mkunjo haukupotea! Kwa kawaida mtu akinoa mdomo wa mwewe kwenye jiwe bapa la dukani, jiwe haliingii kwenye tumbo la mkunjo, linagusa mwanzo na mwisho tu, miaka ikipita bapa linanyooka au linakuwa na mawimbi. Hili lilikuwa limepungua sawasawa kote, mviringo mzuri kama mwezi wa siku tatu. Aliyekuwa ananoa alikuwa na kitu cha mviringo, na alikuwa nacho hicho hicho kimoja wakati wote. Nikamuuliza kijana, babu ananolea nini? Akasema hajui, kuna vikorokoro kwenye kopo.

Jumatatu tukapanda gari stendi ya Kange kwenda Muheza.

Mzee nilimkuta kwenye kitalu chake, miche ya machungwa kwenye viriba, mistari na mistari chini ya kivuli cha makuti. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu, karibu, wewe ndo wa visu?" Ana miaka 78, Mbondei, anabebesha machungwa tangu yuko kijana, Valencia juu ya shina la mlimau, na vidole vyake vya mkono wa kulia vimejikunja kidogo hata akiwa hana kitu mkononi. Nilimrudishia kisu kabla ya maneno yoyote. Akakigeuza, akaona ule upande uliong'arishwa, akapitisha kidole gumba juu yake, akanyamaza. Mjukuu akainama. Mzee hakumgombeza, alisema tu, "Umekivua nguo."

Nikamuuliza habari ya Mjerumani. Akashangaa. "Mimi sijawahi kusema Mjerumani. Baba alikuwa Amani, kitaluni, enzi za Mwingereza, Bwana Shamba ndo aliyempa. Hawa watoto ndo wamesema Mjerumani." Basi ndo hivo, Bwana Shamba akawa mzungu wa Amani, mzungu wa Amani akawa Mjerumani, kila mdomo ukiongeza kidogo mpaka kisu kimefika Dar kina miaka 100 na kitu. Amani ya Mwingereza ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, huko ndo mtafiti Storey na wenzake walihangaika kutafuta mihogo inayovumilia ugonjwa wa batobato miaka ya 1930, na bustani za mikwinini zilikuwepo. Kijana wa kitaluni aliyezaliwa 1914 anakaa vizuri kabisa kwenye picha hiyo, na kisu cha Sheffield mkononi mwa Bwana Shamba wa Kiingereza kinakaa vizuri pia. Maneno ya mzee na mhuri wa kwenye chuma havigombani.

Alafu nikamuuliza, mzee wangu, hiki unakinoa na nini?

Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, la bati, kutu imeota mdomoni. Ndani kulikuwa na wembe, kamba za nailoni za kufungia vikonyo, na kijiwe. Kijiwe chembamba kama kidole cha kati, urefu sentimita 9, kijivu, kimeng'aa kwa kushikwa, kina vidoti vyekundu vya zambarau vidogo kama mbegu za mchicha. Alikichukua akakilaza kwenye tumbo la bapa, na jamani kikaingia. Kikaingia kama pilipili kwenye ganda lake, hamna mwanga unaopita katikati. Milimita saba za chuma zimeishia kwenye mviringo wa kijiwe hiki, na kijiwe nacho upande mmoja kimelika kikafuata bapa. Wamelana miaka yote hiyo mpaka wamekuwa umbo moja.

"Baba alikiokota Zigi," mzee akasema, "alipokuwa Amani. Alivijaribu vingi." Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, na miamba ya kule ni naisi, mingine imejaa ganeti, zile punje nyekundu, na ganeti ni kitu kigumu ambacho hata viwandani wanakitumia kutengenezea msasa. Yule kijana wa kitaluni alipata jiwe la kunolea ambalo huwezi kulinunua duka lolote, akalijua kwa mkono tu. Kisu kimetoka Sheffield, lakini ushahidi kwamba kilikuwa Amani kwangu mimi uko kwenye hicho kijiwe kuliko mahali pengine popote, na mjukuu alikiacha kwa sababu aliona ni jiwe.

Nilimwomba anionyeshe anavyokitumia. Na hapa nikajifunza, maana mimi nilidhani anabebeshea kwa hiki. Hapana. Mkato wa T kwenye gome la shina anaukata kwa wembe, bapa lililopinda halifai kwa kazi hiyo ndogo, anachomeka jicho, anafunga kwa nailoni, wiki mbili tatu anafungua, jicho likiwa bado kijani limeshika. Ndo hapo kisu kinaingia: anashika shina kwa mkono wa kushoto, mdomo wa mwewe unapita nyuma ya shina juu kidogo ya lile jicho, anavuta mara moja kwa kulalia, kichwa cha mlimau kinadondoka na chungwa linabaki kuwa mti. Kila mche mkato mmoja. Mkato ule niliugusa, ulikuwa unateleza. Kwa nusu saa alikata miche mingi na hakunoa hata mara moja, alafu akakaa, akatema mate kwenye kijiwe, akapitisha mara tano.

Tulichokifanya kwenye kisu baada ya hapo ni kidogo, na ndo inavyotakiwa. Tone la oili ya cherehani kwenye kiungo, fungua funga, fungua funga, likatoka tope jeusi, tukalifuta kwa pamba, tukarudia mpaka likatoka safi. Mfereji wa ndani tuliukwangua kwa kijiti cha mwanzi, kulikuwa na utomvu mkavu na udongo mwingi mpaka bapa lilikuwa halilali vizuri ndani. Sehemu mbili za kutu nyekundu karibu na mgongo tulizikwangua kwa waya wa shaba uliobondwa ukawa bapa, maana shaba ni laini kuliko chuma, inaondoa kutu haikwaruzi. Mikwaruzo ya grainda tuliiacha. Mtu angeweza kuilainisha kwa msasa wa maji, lakini kila ukilainisha unapunguza tena chuma, na bapa hili halina cha kupunguza, machungwa yatalivisha nguo upya taratibu. Mzee alikuwa anapaka mafuta ya alizeti, nikamwomba aache, mafuta ya kula yanakauka yanakuwa gundi kwenye kiungo. Na asiloweke kisu kwenye chochote, pembe ikinywa maji inavimba na kupasuka kwenye pini.

Kwa wale mnaotunza hapa pwani niongeze kidogo. Hewa yetu ina chumvi, kisu kikikaa mwezi bila kufutwa kutu inaanza. Msitunze kwenye ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu na dawa zake zinakula chuma. Na msichanganye mipini ya seluloidi, ile plastiki ya zamani, na mingine, seluloidi ikizeeka inatoa mvuke wa asidi, mimi nilikuwa na kimoja chenye harufu ya kafuri ukikisugua, nikakifungia kwenye sanduku na vingine, baada ya masika nikakuta vitatu vya jirani vimeota kutu kwenye mabapa. Na ukiletewa kisu cha kubebeshea chenye kijiko cha kuinulia gome cha pembe ya ndovu, au mpini wa pembe ya ndovu, usiguse kabla hujauliza watu wa wanyamapori, sheria ya 2009 haitanii kwenye nyara na uzee wa kisu sio kibali.

Bei. Yule wa Dar nilimpigia mimi mwenyewe kwa ruhusa ya mzee, nikamweleza ni Sheffield, sio Ujerumani, na upande mmoja umesagwa. Akasema basi, yeye anakusanya vya Mjerumani tu. Sina ugomvi nae. Mimi nikamwambia mzee ukweli, kama kisu peke yake, kwa hali hii, ningetoa laki moja. Kisu na kijiwe pamoja ningetoa laki mbili na nusu, na naamini ndo thamani yake kwa mtu anayejua anachokitazama. Mjukuu akamtazama babu yake. Mzee akafikiri kweli, hakujibu haraka, ada za shule zipo na mvua ile ilikuwa imechelewa. Mwisho akasema, "Kisu ningekupa mwanangu. Jiwe siwezi, na kisu bila jiwe utakiharibu." Sikubishana, maana kwa lile bapa yuko sahihi kabisa.

Nilichomwomba ni kimoja, tuandike. Nilikuwa na kadi ngumu kwenye begi, nikaigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja nikaandika kinachosomeka kwenye chuma: SAYNOR, SHEFFIELD, ND ya mwisho nyuma, chuma cha kaboni, pembe ya sambar, bapa milimita 15, ncha imepata moto, upande wa nyuma umesagwa na mwaka uliosagwa. Upande wa pili kinachosemwa na familia: kilitolewa na Bwana Shamba wa Amani enzi za Mwingereza, kwa baba wa mzee, aliyezaliwa mwaka wa vita vya nyuki. Nikamsomea kwa sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jiwe hujaandika." Nikaandika, kijiwe cha mto Zigi, sentimita 9, kisitenganishwe na kisu. Mjukuu ndo aliyeshika kadi, akaipiga picha kwa simu yake, alafu akaikunja mara mbili akaiweka kwenye kopo. Mzee akaweka kijiwe, akakunja kisu, tak, akakiweka juu. Kabla hajafunika akaingia mama mmoja anataka miche 20 ya Valencia iliyo tayari, mzee akacheki matuta, akaona kuna mistari miwili bado haijakatwa vichwa, akakitoa tena.